Mkojo Kwanza, Kidonge Baadaye: Mwongozo Kamili wa Kutibu Maambukizi ya Njia ya Mkojo

Maswali ninayoulizwa kuhusu maambukizi ya njia ya mkojo, ambayo wengi wetu tunayaita UTI, hufanana sana. Mtu alihisi maumivu, akaenda duka la dawa la karibu, akauziwa vidonge vya antibiotiki ya Cipro (siprofloksasini) vya siku mbili, akapata nafuu, na wiki chache baadaye maumivu yakarudi. Anachotaka kujua ni dawa gani iliyo kali kuliko ile.

Kwa maoni yangu, swali hilo limeanzia mwisho. Mara nyingi kilichokosekana si ukali wa dawa bali utaratibu: mkojo haukupimwa kabisa, au ulipimwa ukiwa umeshachafuka, au ulipelekwa maabara baada ya dawa kumezwa, na hata pale dawa ilipokuwa sahihi, dozi ilikatizwa njiani. Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake, maana kila moja inategemea iliyotangulia.

## Nani hapaswi kusubiri

Mwongozo huu unamhusu hasa mwanamke mzima asiye mjamzito ambaye ana maumivu ya kibofu lakini hana homa. Wengine wote, hapa kwetu Uganda, waende siku hiyohiyo kwenye kituo cha afya cha daraja la III au zaidi, na ikiwa ni usiku, kwenye kituo cha daraja la IV au hospitali.

Nawakusudia hawa: mwenye homa na kutetemeka, mwenye maumivu ya mgongo upande mmoja chini ya mbavu, anayetapika kiasi cha kutobakiza dawa tumboni, asiyeweza kabisa kukojoa, mzee aliyeanza kuchanganyikiwa ghafla, mtoto, mwanamume, mwenye kisukari na mwenye ugonjwa wa figo. Homa pamoja na maumivu ya mgongo ni dalili kwamba bakteria wamepanda hadi kwenye figo, na huko hali inaweza kuharibika kwa saa chache.

Mama mjamzito nampa nafasi yake peke yake. Kwake, bakteria kwenye mkojo hutibiwa hata kama haumwi popote, kwa sababu wakiachwa hupanda kwenye figo kwa urahisi zaidi na wanaweza kusababisha uchungu wa kuzaa kuanza kabla ya wakati. Asikubali kumaliza kliniki ya wajawazito bila mkojo wake kupimwa.

## Vitu vya kuandaa

- Kikopo cha maabara chenye mdomo mpana na kifuniko cha kuzungusha, ambacho hakijatumiwa. Kikopo cha mafuta ya kujipaka au chupa ya dawa ya kikohozi, hata ikioshwa mara kumi, hubaki na mabaki yanayoharibu kipimo.
- Maji safi, sabuni ya kunawia mikono na karatasi laini.
- Daftari lako la matibabu, lile la shule tunalobeba kila tunapokwenda kituo cha serikali. Andika humo siku dalili zilipoanza na kila antibiotiki uliyotumia katika miezi mitatu iliyopita, hata kama ulimeza vidonge viwili tu.
- Orodha ya dawa unazotumia kila siku, zikiwemo za kuongeza damu, za kisukari, za tumbo na za virusi vya UKIMWI.
- Kipimajoto, kama kipo nyumbani.
- Kipimo cha mimba, ikiwa hujui hakika kama ni mjamzito. Jibu lake hubadilisha dawa utakayopewa.

## Hatua ya 1: Hakikisha kwamba ni ugonjwa huu

Maambukizi ya kibofu yana sura yake. Mkojo huunguza unapotoka, haja huja mara kwa mara na kwa haraka lakini kinachotoka ni kidogo, sehemu ya chini ya kitovu huuma, na mkojo unaweza kuwa na ukungu au damu kidogo. Dalili mbili au tatu kati ya hizi, zikitokea pamoja kwa mwanamke asiyetokwa na uchafu ukeni, zinatosha kumfanya mhudumu alishuku tatizo hili.

Kukiwa na uchafu unaotoka, muwasho au harufu isiyo ya kawaida, uwezekano mkubwa ni kwamba tatizo liko ukeni au ni ugonjwa wa zinaa kama kisonono. Matibabu yake ni mengine, na ugonjwa wa zinaa hutaka mwenzi wako naye atibiwe. Homa na uchovu bila maumivu yoyote ya mkojo ni jambo la kupimia malaria kwanza. Damu kwenye mkojo kwa mtu aliyekulia upande wa Lango, kaskazini mwa Uganda, imfanye mhudumu afikirie pia kichocho cha kibofu, ambacho hakisikii antibiotiki yoyote bali hutibiwa kwa prazikwanteli.

Niseme neno kuhusu choo, kwa sababu karibu kila mtu hukilaumu. Bakteria wanaosababisha sehemu kubwa ya maambukizi haya, wanaoitwa E. coli, huishi ndani ya utumbo wako mwenyewe. Hutoka kwenye njia ya haja kubwa, husogea hadi kwenye mrija wa mkojo, na kwa mwanamke mrija huo una urefu wa sentimita 4 hivi, wakati wa mwanamume hufika karibu 20. Hawakurukii kutoka shimoni. Madhara ya choo kibaya yako kwingine: mama anayeuza nyanya sokoni tangu alfajiri, akijua choo ni kichafu na ni cha kulipia, hanywi maji na hubana mkojo hadi jioni, na hapo ndipo bakteria wanapopata muda wa kuzaliana.

Umefaulu hatua hii ukiweza kumweleza mhudumu kwa sentensi mbili unaumwa wapi, tangu lini, na nini hakipo.

## Hatua ya 2: Toa mkojo kabla ya kumeza chochote

Hapa ndipo wengi hukosea, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Kidonge kimoja cha antibiotiki kinatosha kuua bakteria walio kwenye mkojo bila kumaliza walio kwenye kuta za kibofu. Maabara ikipima baada ya hapo, itaandika kwamba hakuna kitu, nawe utaendelea kuumwa. Kama maumivu ni makali, tumia parasetamoli, ambayo haiharibu kipimo.

Mkojo wa kwanza wa asubuhi ndio bora. Sababu ni kwamba kipimo kimojawapo hutafuta naitriti, kemikali ambayo bakteria huitengeneza mkojo unapokaa kibofuni kwa takriban saa nne. Mtu aliyekwenda haja nusu saa iliyopita anaweza kuwa na bakteria wengi na bado naitriti isionekane.

Kwa wanaotumia choo cha shimo, nashauri mkojo utolewe bafuni. Chooni kuna nzi, nafasi ni finyu, na mkono mmoja hauna pa kuweka kifuniko. Fanya hivi:

1. Nawa mikono kwa sabuni. Fungua kikopo na uweke kifuniko juu ya karatasi safi, upande wa ndani ukitazama juu.
2. Safisha sehemu za siri kwa maji matupu, kutoka mbele kwenda nyuma. Usitumie dawa ya kuua vijidudu, kwa kuwa ikidondokea kikoponi itaua kile tunachotafuta.
3. Chuchumaa huku umetanua miguu, na utenganishe mashavu ya uke kwa vidole viwili. Mwanamume ambaye hakutahiriwa avute govi nyuma.
4. Anza kukojoa chini. Mkojo wa mwanzo hubeba uchafu wa ngozi, ndiyo maana hatuutaki.
5. Bila kukatiza mkojo, ingiza kikopo katikati ya mkondo, kijae hadi nusu, kiondoe, kisha umalizie chini. Kikopo kisiguse ngozi, na vidole visiguse ndani yake.
6. Funga, andika jina na saa, na upeleke maabara mara moja.

Onyo: mkojo usikae zaidi ya saa mbili kwenye joto la kawaida. E. coli wakipata joto zuri huweza kuongezeka maradufu kila baada ya dakika 20, kwa hiyo bakteria wachache wasio na maana huonekana jeshi zima kikopo kikisafiri kwa teksi mchana kutwa. Kama maabara iko mbali, mkojo utolewe hukohuko kituoni, au uwekwe kwenye friji.

## Hatua ya 3: Soma karatasi ya majibu pamoja na mhudumu

Usiridhike na kuambiwa kwa mkato kwamba una maambukizi. Omba kuonyeshwa mistari mitatu.

Mstari wa kwanza ni naitriti. Ikiwepo, bakteria wapo karibu kwa hakika. Isipokuwepo, bado haijathibitisha kwamba hawapo. Wa pili ni seli nyeupe za damu, ambazo chini ya hadubini huandikwa kama seli za usaha. Mbili tatu kwa kila eneo linalotazamwa ni kawaida, kumi na kuendelea ni jambo la kuzingatia. Wa tatu, ambao hakuna anayeutazama, ni seli za epithelia, yaani seli za juu ya ngozi. Zikiandikwa kuwa ni nyingi, maana yake mkojo ulichanganyika na majimaji ya uke, na majibu mengine kwenye karatasi hiyo hayaaminiki sana. Rudi hatua ya 2 utoe mkojo mwingine. Nina hakika kwamba watu wengi wanaosema UTI yao haiponi, kinachowatesa ni mstari huu wa tatu.

Kipimo cha kuotesha bakteria ni kingine kabisa. Maabara huwaotesha kwa siku moja au mbili, kisha huwajaribu kwa dawa mbalimbali ili kuona ipi inawaua na ipi hawaijali. Kwa mwanamke aliyeumwa kwa mara ya kwanza si lazima. Kwa mjamzito, kwa mwanamume, kwa aliyetumia antibiotiki hivi karibuni, na kwa yule ambaye ugonjwa umerudi au haukusikia dawa, kisikosekane. Hospitali za rufaa za mikoa, kama za Mbale, Arua, Lira na Mbarara, ndizo za kuulizia, lakini uliza kabla ya kulipa nauli, kwa maana vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, huisha.

## Hatua ya 4: Pata dawa inayofaa, na kwa idadi kamili

Shirika la Afya Duniani limezigawa antibiotiki katika makundi matatu: za kutumika kwanza, za kutumika kwa tahadhari, na za akiba. Kwa maambukizi ya kibofu, nitrofurantoini imo katika kundi la kwanza, nayo ndiyo ninayotaka uiulizie. Hujikusanya kwenye mkojo, haisumbui sana bakteria wema wa tumboni, na E. coli wengi bado wanaisikia. Lakini haifiki vizuri kwenye nyama ya figo, kwa hiyo haimfai mwenye homa na maumivu ya mgongo. Haimfai pia mwenye figo dhaifu, wala mjamzito aliyekaribia kujifungua.

Zile ambazo watu huzinunua kwa mazoea, nizitaje kwa majina.

Cipro iko kwenye kundi la tahadhari. Imetumiwa hovyo mno nchini, kwa tumbo, kwa homa ya matumbo isiyothibitishwa, kwa kila kitu, na E. coli wengi wameshaizoea. Ihifadhiwe kwa ajili ya figo na tezi dume, na iandikwe na daktari.

Ampiclox ina dawa mbili ndani yake. Ya kwanza imeshashindwa na E. coli wengi, na ya pili haikutengenezwa kwa ajili ya bakteria wa aina hiyo. Flagyl nayo, inayoongezwa kwenye bahasha ili kusaidia, haiui E. coli hata kidogo.

Septrin ilikuwa nzuri zamani. Wanaoishi na virusi vya UKIMWI ambao wamekuwa wakiimeza kila siku kama kinga wasitibiwe nayo kibofu, kwa kuwa bakteria walioibuka wakati dawa iko mwilini wameonyesha wazi kwamba hawaiogopi.

Sindano ya seftriaksoni ni ya hospitali. Kuiomba kwa sababu sindano ni kali kuliko kidonge ni kuipoteza dawa ambayo mtoto wako ataihitaji siku atakapougua kweli.

Kwa kawaida duka dogo la dawa limepewa leseni ya kuuza dawa zisizohitaji cheti cha daktari, na antibiotiki hazimo. Nunua famasi iliyosajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Dawa, NDA, ukiwa na cheti. Katika kituo cha serikali dawa ni bure, na zikiwa zimeisha utaandikiwa cheti ukanunue nje.

Kabla ya kuondoka dirishani, ichunguze bahasha. Ukiona imeandikwa 1×2×5/7, maana yake ni kidonge kimoja, mara mbili kwa siku, kwa siku tano. Ile 5/7 si siku tano kati ya saba, wala si hiari ya siku tano au saba. Kwa hiyo ndani ya bahasha kuwe na vidonge 10. Vikiwa sita, dozi yako imekatwa kabla hujaanza.

Fedha zikipungua, mweleze mfamasia ukweli ili atafute pamoja na daktari dawa ya bei nafuu zaidi. Kununua nusu dozi kwa ahadi ya kurudi kesho ni mpango ambao sijauona ukifanikiwa.

## Hatua ya 5: Meza kwa saa, si kwa kumbukumbu

Mara mbili kwa siku ni kila baada ya saa 12: saa moja asubuhi na saa moja jioni, kwa mfano. Mara nne ni kila baada ya saa sita. Weka kengele kwenye simu. Dawa hufanya kazi ikiwa kiwango chake mwilini hakishuki, na pengo refu huwapa nafasi ya kuzaana wale bakteria wagumu waliobaki.

Nitrofurantoini imezwe pamoja na chakula, iwe posho na maharage au matoke, maana tumbo likiwa tupu huleta kichefuchefu na mwili huifyonza kwa uchache. Mkojo unaweza kugeuka njano iliyokolea au kahawia. Usishtuke, ni rangi ya dawa. Usiimeze pamoja na ile dawa ya kiungulia ya magnesiamu trisiliketi, ambayo huizuia kuingia mwilini.

Ukiandikiwa Cipro, usiimeze pamoja na maziwa wala vidonge vya kuongeza damu. Cipro itangulie vidonge hivyo kwa saa mbili, au isubiri saa sita baada yake.

Ukisahau kidonge, kimeze unapokumbuka. Kama wakati wa kinachofuata umekaribia, endelea na ratiba. Usimeze viwili kwa pamoja.

Acha dawa na urudi kituoni mara moja ukipata vipele mwili mzima, uvimbe wa uso, shida ya kupumua, au maumivu ya ghafla kwenye kano la kisigino.

Na siku zikifika, acha. Siku tano zilizoandikwa zimeshahesabiwa. Kuongeza za kwako ili uwe na uhakika huwafundisha usugu bakteria wa tumboni ambao hawakuwa na kosa.

## Hatua ya 6: Pima mafanikio baada ya saa 48

Ndani ya siku mbili, kuungua kunatakiwa kupungua waziwazi na safari za usiku kuwa chache. Mwisho wa dozi, dalili ziwe zimekwisha. Hayo ndiyo mafanikio.

Kama saa 48 zimepita bila nafuu yoyote, au homa imeanza, rudi na daftari na bahasha yako, na uombe mkojo uoteshwe. Usiongeze dawa nyingine juu ya ile.

Ukiwa umepona na si mjamzito, usipime tena. Watu wazima wengi, hasa wazee na wenye mpira wa mkojo, huwa na bakteria kwenye mkojo wasiowadhuru. Kuwafuata kwa dawa ni kuwachokoza bure, na ndipo wengine huanza mzunguko wa karatasi na vidonge usiokwisha.

Mume au mwenzi asiye na dalili hahitaji kumeza chochote, kwa kuwa maambukizi ya kawaida ya kibofu si ya zinaa. Nasisitiza hili kwa sababu limevunja amani katika nyumba nyingi bila sababu.

## Hatua ya 7: Ugonjwa ukirudi

Kwa mwanamke ambaye hunywa maji kidogo, kuongeza lita moja na nusu kwa siku hupunguza kweli idadi ya mara anazougua. Asibane mkojo, ajisafishe kutoka mbele kwenda nyuma, na akojoe baada ya tendo la ndoa. Sabuni za manukato, dawa za kuua mbegu za kiume na mitishamba ya kuingiza ukeni viachwe, kwa maana huua bakteria wema ambao ndio walinzi wa mlango.

Ukiugua mara mbili ndani ya miezi sita, au mara tatu ndani ya mwaka, usitibiwe tena kwa kubahatisha. Omba mkojo uoteshwe, sukari ipimwe na figo zipigwe picha ya ultrasaundi. Mama aliyekoma hedhi aulizie krimu ya estrojeni ya kupaka ukeni, ambayo hupunguza kurudi kwa ugonjwa bila antibiotiki hata moja.

Vidonge vilivyobaki kwa sababu daktari alibadilisha dawa virudishwe famasi. Visiwekwe kabatini kumsubiri jirani mwenye maumivu kama yako, kwa maana yeye mkojo wake haujapimwa.